Ufukwe unaliwa na kasa bado wanapanda: ukuta, mchanga wa kuletwa, au kuiachia bahari nafasi yake?

Alfajiri moja ya Aprili, maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, yameshapwa, nilikuta njia ya kasa imepanda kutoka majini. Alama za mapezi zilikuwa zinalingana kushoto na kulia, na katikati mstari mwembamba wa mkia: kasa wa kijani. Alikuja moja kwa moja hadi alipokutana na ukuta wa mawe wa nyumba ya wageni. Hapo akageuka akaufuata. Nilitembea kando ya njia yake nikihesabu hatua, zikafika sabini na mbili. Mwisho wa ukuta alijaribu kuchimba, akakuta kifusi kilichobaki siku za ujenzi, akaacha shimo la kina cha sufuria, akarudi baharini. Mayai yake akarudi nayo tumboni.

Mwenye nyumba ile si mtu mbaya. Bahari ilishamlia minazi sita na nusu ya baraza. Nilipomwonyesha zile alama aliniuliza kwa uchungu wa kweli: "Haya kaka, niambie nifanye nini. Ukuta hamuutaki. Nikimwaga mchanga mtasema nimefukia mayai. Nikae niangalie nyumba inakwenda?" Jibu nililompa siku ile lilikuwa fupi na halikumtosha. Hili hapa ndilo refu, kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye kiwanja, hoteli, kamati ya BMU (kikundi cha wanakijiji kinachosimamia ufukwe na uvuvi) au ofisi ya kijiji kwenye pwani inayoliwa huku kasa bado wanaitaka.

Kasa anataka nini kwenye mchanga

Huwezi kulinganisha njia hizi bila kujua mteja mwenyewe anataka nini. Kasa anatafuta njia ya kupanda isiyo na kizuizi, giza, mahali palipo juu ya maji ya bamvua, na mchanga unaochimbika bila kubomoka. Anachimba kwa mapezi ya nyuma, moja baada ya jingine, polepole, kama mtu anayechota unga kwa kikombe asimwage. Kwa kasa wa kijani shimo linaweza kumeza mkono wako hadi begani. Kuta zikiporomoka anaanza upya. Mchanga ukigoma, anaondoka.

Akishataga mayai yake, mia moja na ushee, anafukia na kazi yake imekwisha. Malezi yote yanabaki kwa mchanga. Kwa muda wa miezi miwili hivi mchanga unatakiwa upitishe hewa, kwa kuwa yai linapumua kupitia ganda. Unatakiwa uwe na unyevu lakini usijae maji. Halafu kuna joto, ambalo ndilo linaloamua jinsia: kwenye nyuzi 29 hivi za Selsiasi hutoka madume na majike, joto likizidi majike huwa wengi, likipungua madume huwa wengi. Likikaa juu sana kwa siku nyingi mayai huiva na kufa.

Ndiyo maana nasikia vibaya mtu anaposema "mchanga ni mchanga tu". Ukibadilisha mchanga wa ufukwe umebadilisha tumbo la uzazi.

Ukuta ukiwekwa kando ya mchanga mpya

Nianze na pambano ambalo wengi wanalo kichwani. Ukuta unalinda kilicho nyuma yake. Haulindi ufukwe, na haujawahi kudai hivyo. Sisi ndio tunaochanganya. Wimbi likigonga mawe halina pa kupotezea nguvu, linarudi chini na kuchota mchanga wa mguuni pa ukuta. Mwaka wa kwanza unaona ufukwe umeshuka kidogo. Baada ya miaka michache maji yakijaa yanagusa mawe, na hakuna tena mahali pakavu pa kutagia. Jirani aliye mwisho wa ukuta ndiye anayeliwa zaidi, kwa hiyo naye anajenga, na jirani yake, hadi ufukwe mzima unakuwa mstari wa zege. Kasa anayekutana na ukuta mara nyingi hurudi bila kutaga, na anayetaga mbele yake anataga chini mno, mahali ambapo bamvua lijalo litazamisha kiota.

Kuta za mawe zinazoingia baharini zina tabia yake nyingine. Zinanasa mchanga upande mmoja na kuunyima upande wa pili. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ni darasa lililo wazi: hoteli ya Africana iliachwa kwa sababu ya kuliwa na bahari, na kuta za namna hiyo zikajengwa mbele ya hoteli nyingine. Sehemu kubwa ya chanzo haikuwa baharini. Mchanga ulikuwa unachimbwa kwa ajili ya ujenzi kwenye mito inayoshuka pale, Tegeta na Mbezi ikiwemo, na mto ndio unaoulisha ufukwe. Ukimnyang'anya mto mzigo wake, bahari itajilipa kwenye kiwanja chako.

Mchanga mpya, kwa upande wake, unarudisha kitu ambacho ukuta hauwezi kurudisha, yaani mahali penyewe. Palipokuwa na maji hadi kwenye zege panakuwa na mita kadhaa za kutagia. Kwa hiyo kama swali lako ni kati ya hivi viwili tu, na kasa wamo kwenye hesabu zako, jibu langu halina kigugumizi: mchanga. Kazi inaanza hapo lakini, kwa sababu mchanga uliowekwa ovyo unaweza kuwa mtego wenye sura ya zawadi.

Florida walichojifunza kwa gharama

Mahali palipojaza fukwe mchanga kwa muda mrefu huku kasa wakihesabiwa kila alfajiri ni Florida, Marekani. Duvi, wale kasa wenye kichwa kikubwa, wana moja ya maeneo yao makuu ya kutagia duniani kwenye pwani ile; hifadhi ya Archie Carr ilianzishwa mwaka 1991 hasa kwa ajili yao. Na palepale kuna majumba, hoteli na vimbunga. Miami Beach ilijazwa mchanga kati ya 1976 na 1981, na fukwe nyingine nyingi zimejazwa na kujazwa tena.

Hadithi inayojirudia huko ni hii. Msimu wa kwanza baada ya kujaza, kasa wanaopanda wakarudi bila kutaga huongezeka. Msimu wa pili au wa tatu hali hutengemaa, mawimbi yakishaupanga upya ufukwe. Kisha mchanga unaanza kwenda, na viota vinapungua nao, hadi mashine zirudi. Sababu za ule mwaka mbaya wa kwanza zinajulikana, na kila moja ina dawa, kwa hiyo nazieleza kwa kirefu.

Ya kwanza ni ugumu. Mchanga unaopigwa kwa bomba kutoka baharini na kusambazwa na katapila unashikana kama sakafu, hasa ukiwa na chembe ndogo za matope. Masharti ya vibali vya Florida yamekuwa yakitaka ugumu upimwe, na ukizidi kiwango mchanga ulimwe hadi sentimita 90 hivi kabla ya msimu wa kutaga. Na isiwe mara moja tu, bali iangaliwe tena kwa misimu mitatu inayofuata.

Ya pili ni ukingo. Wahandisi hupenda kuweka mchanga kama meza: juu tambarare, mbele mteremko mkali. Mawimbi yanaikata ile meza na kuacha ukingo uliosimama wima. Wewe utauruka bila kufikiri. Kasa wa kilo mia na zaidi, anayejiburuza kwa kifua, anaufikia kama anavyoufikia ukuta. Kule Florida, ukingo unaozidi sentimita 45 kwa kimo na mita 30 kwa urefu hutakiwa kusawazishwa. Kuna jambo jingine la kusikitisha zaidi kwenye ile meza: kasa wengi hutaga karibu na ukingo wake wa mbele, na sehemu hiyo ndiyo ya kwanza kuchukuliwa na bahari. Mama ametaga vizuri, kwenye mchanga mkavu, na wiki tano baadaye kiota kizima kimeporomoka majini.

Ya tatu ni rangi na asili ya mchanga. Mchanga mweusi hushika joto, mweupe hulirudisha. Kwenye kisiwa cha Fisher Island, karibu na Miami, mwaka 1991 uliwekwa mchanga mweupe wa chokaa kutoka Bahamas, na viota humo vikawa na ubaridi kuliko kwenye mchanga wa kienyeji. Mayai yalichelewa kuangua. Ukigeuza hesabu hiyo, mchanga mwekundu wa mtoni au wa machimbo ukimwagwa juu ya mchanga mweupe wa matumbawe unaweza kuzaa majike watupu kwa miaka, au mayai ya kuchemka. Kwetu, ambako joto liko juu tayari, hili ndilo linalonitisha kuliko yote.

Ya nne watu huisahau: taa. Ukiinua ufukwe kwa mita moja, taa za barazani zilizokuwa zimejificha nyuma ya tuta zinaonekana. Vifaranga wakitoka usiku hufuata mwanga wa upeo wa bahari. Wakiona balbu ya mgahawa watakwenda mgahawani, na asubuhi utawakuta wamekauka chini ya viti. Kila mradi wa mchanga ni mradi wa taa pia.

Mwisho kuna meli yenyewe. Meli inayonyonya mchanga sakafuni mwa bahari inaweza kumnyonya kasa aliyelala. Uchimbaji wa njia ya meli kwenye bandari ya Port Canaveral, hukohuko Florida, uliua kasa wengi namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo kukawekwa vyuma vya kumsukuma kasa pembeni mbele ya mdomo wa bomba, pamoja na waangalizi ndani ya meli. Na mchanga unakochotwa si jangwa. Kwetu ungeweza kuwa shamba la nyasi bahari, ambalo ndilo chakula cha huyohuyo kasa wa kijani unayemtengenezea kitanda.

Kuhusu gharama nitasema jambo moja tu. Kujaza mchanga si ujenzi, ni kodi ya pango. Utalipa tena. Miami-Dade, wilaya ilimo Miami Beach, wamemaliza mchanga mzuri wa karibu na pwani yao, wakafikia kuleta kwa malori kutoka machimbo ya bara. Kama taifa tajiri linahangaika hivyo, mwenye hoteli ya vyumba kumi na viwili ajiulize kwanza atailipaje mara ya pili.

Mchanga wa kuletwa na mchanga wa palepale

Kuna njia ambayo kwetu haizungumzwi sana, nami naiona bora kuliko kuleta mchanga mgeni: kuupanga upya mchanga uliopo.

Raine Island, ncha ya kaskazini ya miamba ya Great Barrier Reef huko Australia, ndicho kisiwa kinachopokea kasa wa kijani wengi kuliko mahali popote duniani. Msimu mkubwa hukadiriwa hadi kasa 60,000. Ukisikia idadi hiyo unadhani mambo ni shwari. Hayakuwa. Sura ya kisiwa ilikuwa imebadilika, maji ya chini na ya bamvua yakawa yanafika kwenye viota, na mayai yakazama kwa maelfu. Akina mama nao walikuwa wakianguka kwenye vijigenge vya mwamba, wanapinduka chali na kufa juani.

Kuanzia mwaka 2014 waliingiza mashine nje ya msimu, wakachota mchanga wa kisiwa chenyewe na kuinua sehemu zilizokuwa zinazama. Walirudia 2017 na 2019, jumla ikafika kama mita za ujazo 40,000. Uzio ukawekwa kwenye vijigenge kuwazuia kasa wasianguke. Wenyeji wa asili wa kisiwa, Wuthathi na Meriam, walikuwa ndani ya kazi hiyo, na viota vilivyo juu ya mchanga ulioinuliwa vikaangua vizuri kuliko vilivyozama.

Tofauti kubwa iko hapa: rangi, chembe na joto havikubadilika. Mchanga ni uleule, umesogezwa tu. Wala meli ya kunyonya haikuhitajika. Kwenye ufukwe wa kijiji kazi ya namna hii inaweza kufanywa na greda moja kwa siku chache, au hata kwa sepetu na mikokoteni, pale ambapo mchanga umerundikana upande mmoja baada ya kusi na upande wa pili umebaki na mawe. Ila tahadhari: ukichota mchanga chini, kwenye ufukwe unaolowa, ili kuurundika juu, umeufanya mteremko kuwa mkali, na bahari itaurudisha mchanga wake, pengine pamoja na wako. Njia hii inafaa pale mchanga upo lakini umekaa vibaya. Pale ambapo mchanga umekwisha, hakuna cha kusogeza.

Kuhamisha mayai: Maziwe inatufundisha nini

Wapo watakaosema, acheni ufukwe, hamisheni mayai. Tunayo historia yetu ya kujibia.

Maziwe, kisiwa kilicho mbele ya Pangani, kilikuwa moja ya sehemu muhimu kuliko zote za kutagia kasa Tanzania. Kasa wa kijani, ng'amba na kigome, wote walipanda pale. Kisiwa kilikuwa na miti, na mivinje ikionekana kwa mbali. Miti ilikatwa na kutoweka, na mchanga uliokuwa umeshikwa na mizizi ukaanza kwenda. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 bamvua likijaa kisiwa chote kilikuwa chini ya maji. Leo unaposhuka kwenye mashua unashukia fungu la mchanga mweupe lisilo na hata kijani cha kufunika kiganja, na saa chache baadaye lazima uondoke kwa kuwa halitakuwepo.

Lakini kasa hawakuambiwa. Wameendelea kupanda Maziwe. Kila kiota kinachoachwa pale kitazama, kwa hiyo wahifadhi huyachukua mayai na kuyavusha hadi ufukwe wa Ushongo, bara, na huko yanaangua. Ni kazi ya upendo na inaokoa maelfu ya vifaranga ambao wasingekuwepo. Naiheshimu sana.

Hata hivyo, ni tiba ya dharura. Mayai yanatakiwa yahamishwe ndani ya saa chache baada ya kutagwa. Baada ya hapo kiumbe kinajishikiza ndani ya ganda, upande wa juu, na ukiligeuza yai umekiua bila kuona tone la damu. Shimo jipya lazima liwe na kina na umbo la lile la mama. Anahitajika mtu wa kukesha, mashua, mafuta, na bahari inayokubali kuvukwa siku hiyo. Halafu joto la ufukwe mpya ndilo litakaloamua jinsia, kwa hiyo mtu anachukua jukumu ambalo mama kasa alikuwa nalo. Ukilinganisha na kujaza mchanga, kuhamisha ni rahisi sana kwa fedha, na ni ghali sana kwa watu. Ukilinganisha na kutunza miti ya Maziwe mapema, ni ghali kwa kila namna.

Kurudi nyuma

Hii ndiyo njia ambayo hakuna anayeipenda siku ya kwanza. Sheria ya Tanzania ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Wengi wanaiona kama kero ya urasimu. Mimi naiona kama ufukwe wa akiba. Ufukwe ulio na nafasi nyuma yake ukiliwa unasogea. Wenye ukuta nyuma yake ukiliwa unakufa.

Kurudi nyuma hakumaanishi kuhama kijiji. Mara nyingi ni kuhamisha banda la mgahawa, vibanda vya kuogea, uzio na taa, na kuuacha mstari wa mimea ujirudie. Mmea wa kuuanzia upo miguuni petu na jina lake linajieleza: mlakasa, ule mtambaazi wenye maua ya zambarau na majani yaliyogawanyika kama ukwato. Unashika mchanga unaopeperushwa na upepo, na kidogo kidogo tuta linakua bila kulipa mtu. Tafadhali msiung'oe kwa sababu mgeni anataka ufukwe uliofagiwa. Mivinje nayo inasaidia kuvunja upepo, lakini isipandwe mnene kwenye ukanda wenyewe wa viota, maana mizizi humkwamisha kasa anayechimba.

Kasoro ya njia hii ni mwendo wake. Inachukua miaka, na haimfai mtu ambaye bahari iko kwenye msingi wa nyumba leo. Pia haifanyi kazi kama mchanga bado unachimbwa mtoni au unazolewa ufukweni usiku kwa ajili ya matofali.

Basi uchague lipi

Kama ufukwe wako bado una mchanga mkavu juu ya bamvua, hata mita chache, usinunue chochote. Rudi nyuma, zima taa au zikinge zitazame chini, acha mlakasa, na pambana na wachimba mchanga. Nalisema hili nikijua hakuna mkandarasi atakayekuja kukuuzia, na ndiyo maana halisikiki.

Kama mchanga upo lakini umehama upande mmoja, au viota vinazama kwa sababu ufukwe umeshuka, fikiria kuupanga mchanga wa palepale, na kwa msimu huu hamisheni viota vilivyo hatarini. Hii naiona inafaa vijiji vingi.

Kama mchanga umekwisha na kuna kitu ambacho hakiwezi kuhama, barabara kuu, hospitali, mji, basi mchanga wa kuletwa ni bora kuliko ukuta mtupu. Hata kama ukuta utalazimika, uwekee mchanga mbele yake. Lakini usianze kama huna fedha ya mara ya pili.

Na kama wewe ni mmoja, mwenye kiwanja kimoja, usijaze mchanga peke yako. Mchanga hauheshimu hati ya kiwanja. Mawimbi ya kusi yataupeleka kwa jirani wa kaskazini, na ya kaskazi yatamrudishia mwingine. Hii ni kazi ya ghuba nzima au isifanyike.

Mkishakubaliana kujaza, tathmini ya athari kwa mazingira ni lazima, kupitia mamlaka za mazingira, NEMC kwa Tanzania na NEMA kwa Kenya, na ndani yake mdai mambo haya kwa maandishi. Mchanga ufanane na wenu kwa rangi na ukubwa wa chembe. Mteremko uwe wa taratibu, usiwe meza. Ugumu upimwe na mchanga ulimwe ukihitajika, na kazi hiyo iwemo kwenye mkataba kwa misimu mitatu. Wakati wa kazi msiige tarehe za Florida. Wao pwani ya mashariki wana miezi ya baridi, Novemba hadi Februari, ambapo karibu hakuna kiota. Kwetu kasa wa kijani hutaga karibu mwaka mzima, na wengi huja wakati wa masika, Machi hadi Juni. Ng'amba huja kuanzia Desemba hadi Aprili. Kiota cha mwisho wa Juni huangua mwisho wa Agosti. Nafasi inayobaki ni Septemba hadi Novemba, na hata hapo lazima ufukwe utembewe kila alfajiri kabla ya mashine kuwaka, na watembeaji wawe watu wa pale wanaozijua alama.

Kipimo cha kwanza hakihitaji maabara. Chukua chupa mbili za kioo zinazolingana. Moja itie mchanga wa ufukwe wako hadi nusu, nyingine mchanga unaotaka kuuziwa. Jaza maji, funga, tikisa, weka dirishani. Mchanga wa ufukwe mzuri hutulia na maji yanang'aa kabla chai yako haijapoa. Ukiona maji bado yana ukungu baada ya saa nzima, humo mna matope, na hayo ndiyo yatakayoziba pumzi ya mayai na kugeuka sakafu jua likiyapiga.

Nilimwachia mwenye nyumba yule chupa mbili. Alikuwa ameshapatana na malori ya mchanga wa mtoni. Kesho yake asubuhi alinipigia simu nikiwa bado njiani kurudi nyumbani kutoka ufukweni, akaniambia ya kwetu imetulia tangu jana jioni, ile nyingine bado iko kama chai ya maziwa. Malori aliyakataa. Wiki iliyofuata nilimkuta na fundi wake wakipima hatua kutoka ukutani kwenda bara, wanatafuta mahali pa kuhamishia baraza.